Meru: Mlima Mfupi, Njia ya Haraka
Somo la maradhi ya mwinuko kwa wahudumu wa afya, waongoza watalii, wapagazi na wapandaji

Utangulizi

Anayeutazama Mlima Meru akiwa Kisongo, magharibi mwa jiji la Arusha, huona mlima ulio mzima, wenye miteremko inayopanda hadi kwenye ncha moja. Upande wa mashariki, usioonekana kutoka Kisongo, hali ni nyingine kabisa. Huko ubavu wa mlima uliporomoka zamani za kale, ukaacha bonde kubwa lenye umbo la kwato ya farasi na kuta za mwamba zinazoshuka zaidi ya mita elfu moja. Njia ya kupandia iko upande huo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na sehemu yake ya mwisho hupita juu ya ukingo wa kuta hizo.

Meru una kimo cha mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Kwa kuwa jirani yake ndiye mrefu kuliko yote barani Afrika, Meru hupata wageni wachache, na wengi wao huufanya mahali pa kupashia misuli kabla ya kwenda Kilimanjaro. Fikra hiyo ina faida yake kitabibu, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea hewa ya juu hupanda mlima wa pili kwa usalama zaidi. Ila ina kasoro moja: humfanya mtu aamini kwamba mlima mfupi hauna ugonjwa. Hatari ya maradhi ya mwinuko haipimwi kwa kimo cha kilele peke yake. Hupimwa pia kwa kasi ya kupanda, na ratiba ya kawaida ya Meru ni ya haraka mno.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza kwa nini ratiba ya Meru huuchosha mwili, kutambua sura tatu za maradhi ya mwinuko, kujua mahali na wakati wa kufanya uamuzi wa kushuka, na kumhudumia ipasavyo mgonjwa aliyefika zahanati akitokea mlimani.

Ngazi tatu za mita elfu moja

Lango la Momella, safari inapoanzia, liko kwenye kimo cha takribani mita 1,500. Usiku wa kwanza wapandaji hulala Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili hulala Saddle, mita 3,570. Kati ya saa saba na saa nane za usiku huo huamka, wakapanda gizani hadi Kilele cha Ujamaa, wakitarajia kukifikia alfajiri. Kwa maneno mengine, safari ina ngazi tatu, kila moja ya takribani mita elfu moja, na zote hupandwa katika muda usiofika saa arobaini na nane.

Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa tiba ya milimani husema hivi: mtu akishavuka mita 3,000, kimo cha mahali anapolala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne awe na siku ya kupumzika bila kupanda. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni ongezeko la mita 1,056 kwa usiku mmoja. Ratiba hiyo basi imeshauvuka mwongozo kabla ya safari ya kilele kuanza.

Wengine hujifariji kwa kununua safari ya siku nne badala ya siku tatu. Hapa msomaji atazame kwa makini siku iliyoongezwa imewekwa wapi. Mara nyingi huwekwa mwishoni, ili watu walale tena Miriakamba wakati wa kushuka. Siku hiyo huyapumzisha magoti. Haiusaidii mwili kuzoea hewa, kwa sababu kilele kimekwisha kupandwa. Siku ya nyongeza yenye manufaa kwa afya ni ile inayotumika kabla ya kilele: usiku wa pili Miriakamba, au usiku wa pili Saddle. Anayepanga safari na amwulize wakala wake swali hilo kabla ya kulipa.

Vilevile kuna Meru Ndogo, kilima chenye mita 3,820 kilicho karibu na Saddle. Kukipanda jioni kisha kurudi kulala Saddle ni zoezi zuri kwa asiye na dalili yoyote. Waongozaji wana msemo wao: panda juu, lala chini. Msemo huo ni wa kweli kitabibu.

Kinachotokea mwilini

Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki mtu anapopanda. Ni takribani asilimia 21 kila mahali. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, yaani nguvu inayoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia katika damu. Kisongo, kwenye takribani mita 1,400, shinikizo hilo ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Saddle hubaki takribani theluthi mbili. Kileleni huwa chini kidogo ya asilimia 60.

Mwili hujibu kwa hatua. Katika saa za kwanza mtu hupumua kwa kasi na kwa kina zaidi, na moyo hupiga haraka. Kupumua huko huondoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi, damu ikapoteza asidi, na ubongo ukaanza kuzuia upumuaji usiendelee kuongezeka. Figo ndizo zinazorekebisha hali hiyo kwa kutoa baikaboneti katika mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua wiki. Hivyo basi, siku ambazo mpandaji huziita za bure ndizo siku ambazo figo zake zinafanya kazi.

Wakazi wa Arusha huuliza: je, sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatuna kinga? Kuishi kwenye mita 1,400 huupa mwili nafuu ndogo tu mbele ya kimo cha mita 3,570, na nafuu hiyo isihesabiwe kuwa kinga. Hata mpagazi aliyezoea kupanda hupoteza mazoea hayo akikaa chini kwa majuma kadhaa. Nguvu za misuli nazo hazikingi. Kijana mwenye mbio anaweza kuugua mapema kuliko mzee, kwa kuwa nguvu zake humpandisha haraka zaidi.

Sura tatu za ugonjwa

Sura ya kwanza ni ugonjwa mkali wa mwinuko ulio wa kawaida. Dalili yake kuu ni maumivu ya kichwa yanayoanza saa kadhaa baada ya kufika juu, pamoja na angalau mojawapo ya haya: kichefuchefu, kutapika au kukosa hamu ya chakula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Kukosa usingizi hutokea kwa wengi mlimani, lakini tangu vigezo vya kimataifa viliporekebishwa mwaka 2018 hakuhesabiwi tena kuwa dalili ya ugonjwa huu. Mgonjwa asipande zaidi. Apumzike palepale, anywe maji kiasi cha kukata kiu, na atumie parasetamoli au ibuprofeni. Akipata nafuu kamili anaweza kuendelea. Dalili zikizidi, au zisipopungua kwa siku moja ya mapumziko na dawa, ashuke.

Sura ya pili ni uvimbe wa ubongo. Mgonjwa huanza kuyumba, hutamka maneno kwa kuburuta, huchanganyikiwa, hujitenga au huwa na usingizi mzito. Kipimo chake hakihitaji kifaa: mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asiyeweza, na hajanywa pombe, achukuliwe kuwa na uvimbe wa ubongo hadi ithibitike vinginevyo. Bila kushushwa anaweza kupoteza fahamu na kufa katika muda wa saa chache.

Sura ya tatu ni maji kujaa mapafuni. Oksijeni inapopungua, mishipa ya damu ya mapafu hujikaza. Kwa baadhi ya watu hujikaza kwa nguvu na bila usawa, shinikizo ndani yake likapanda na maji yakavuja kuingia katika vifuko vya hewa. Dalili ya mapema ni kupungua kwa nguvu kwa ghafla: aliyekuwa mbele jana, leo yu nyuma ya wote. Hufuata kikohozi kikavu, kisha kukosa pumzi hata akiwa ameketi, na mwishowe makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Mara nyingi huanza usiku wa pili au baadaye tangu kufika juu, na huweza kutokea bila kutanguliwa na maumivu ya kichwa. Miongoni mwa sura hizi, hii ndiyo inayoua zaidi.

Tiba kuu ya sura mbili za mwisho ni moja: kushuka mara moja, angalau mita 300 hadi 1,000, au mpaka dalili zipungue. Mgonjwa asishuke peke yake kamwe. Mwenye maji mapafuni abebwe kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kila hatua anayojitembeza huongeza shinikizo katika mishipa ya mapafu yake. Oksijeni itolewe ikiwapo, kwa lengo la kufikisha kiwango cha damu zaidi ya asilimia 90. Kwa wahudumu wa afya: mtu mzima mwenye uvimbe wa ubongo hupewa deksamethasoni miligramu 8 kwanza, kisha miligramu 4 kila baada ya saa sita. Mwenye maji mapafuni, pasipokuwa na oksijeni wala njia ya kumshusha upesi, anaweza kupewa nifedipini ya kuachia polepole miligramu 30 kila baada ya saa kumi na mbili. Ile inayofanya kazi kwa haraka isitumike, kwa sababu inaweza kuangusha shinikizo la damu ghafla. Dawa hizi huwapa waokoaji muda wa kumshusha mgonjwa. Kutolewa kwake kusiwe sababu ya kubaki juu.

Kwa nini uamuzi ufanyike Saddle

Kutoka Saddle kwenda chini, njia ni pana na ya kueleweka, na Miriakamba iko zaidi ya mita elfu moja chini. Mgonjwa anayeshushwa kutoka hapo hupata nafuu kwa kila hatua ya wabebaji wake.

Juu ya Saddle mambo hubadilika. Njia hupanda hadi Rhino Point, kisha hushuka kidogo na kuufuata ukingo mwembamba, huku kuna mteremko wa majivu na mawe upande mmoja na shimo la bonde upande mwingine. Anayeugua karibu na kilele hana njia ya kushuka moja kwa moja. Analazimika kurudi juu ya ukingo uleule, na kabla ya kuiona Saddle tena lazima apande kuifikia Rhino Point. Kumbeba mtu asiyeweza kusimama katika ukingo huo, gizani na katika baridi, ni kazi ngumu na ya hatari hata kwa waokoaji wenyewe.

Kwa hiyo dalili inayotajwa Saddle jioni ni rahisi kuitibu, na dalili hiyohiyo ikifichwa hadi alfajiri ukingoni inaweza kugharimu maisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Meru pana mahali hasa ambapo usemi huo hutimia.

Kiongozi wa msafara na amwulize kila mtu maswali manne jioni ya Saddle, mmoja mmoja na mbali na masikio ya wenzake: Je, kichwa kinauma? Je, umekula chakula chako chote? Je, unakosa pumzi ukiwa umeketi? Je, unakohoa? Kisha amtembeze kwenye mstari. Maswali yarudiwe wakati wa kuamka. Mwenye maumivu ya kichwa na dalili nyingine hapandi usiku huo. Anayeyumba au anayekosa pumzi akiwa ameketi hushushwa usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke. Kwa kuwa hifadhi ina nyati na tembo, msafara huenda na askari wa hifadhi mwenye silaha. Ashirikishwe katika uamuzi huo tangu mwanzo, kwani bila yeye hakuna atakayeshuka msituni usiku kwa usalama.

Kipima oksijeni cha kidoleni husaidia, ila kisomwe kwa busara. Saddle, watu wengi wenye afya husoma karibu na asilimia 90 au chini yake. Namba moja haitoshi kumpitisha mtu wala kumzuia. Anayesoma chini sana kuliko wenzake waliopanda naye, au anayeshuka kwa kila kipimo, achunguzwe zaidi hata kama anasema yu mzima.

Mpagazi anayebaki

Usiku wa kilele wageni huondoka na mwongozaji na askari. Wapagazi na mpishi hubaki Saddle. Hapo pana pengo ambalo mafunzo mengi hulipita. Huo ni usiku wao wa pili juu ya mita 2,500, wamebeba mizigo mizito kwa siku mbili, na wakati huohuo msimamizi wao yuko mbali ukingoni kwa saa nyingi. Mpagazi anayeanza kukosa pumzi saa tisa usiku hana wa kumwamulia.

Kuna pia suala la ujira. Mpagazi anajua kwamba akisema anaumwa huenda atarudishwa, akakosa bakshishi na pengine safari ijayo. Wengi wa vijana hawa hutoka Kisongo na vijiji vinavyouzunguka mlima, na ujira huo ndio ada ya mdogo wake na unga wa nyumbani. Kumhimiza aseme ukweli bila kumlinda dhidi ya hasara ni kumtwisha mzigo mwingine. Msafara unaojali afya huamua mambo matatu kabla ya kuondoka Momella: mpagazi atakayeshushwa kwa ugonjwa atalipwa siku zake zote, mmoja wa wanaobaki Saddle atateuliwa kwa jina kuwa kiongozi wa usiku, mwenye mamlaka ya kuamuru mtu ashushwe, na atakuwa na njia ya mawasiliano na askari, na kila mpagazi atakuwa na nguo za baridi na za mvua sawasawa na hali ya mlima, kwa sababu mwili uliopoa hudhoofika upesi na dalili zake, kama kuyumba na kuchanganyikiwa, huweza kudhaniwa ni uvimbe wa ubongo.

Jambo jingine ni jiko la mkaa. Kupika au kuota moto ndani ya chumba au hema lililofungwa huzalisha hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu kadhaa waliolala pamoja wakiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, watolewe nje kwanza.

Mgonjwa anapofika zahanati

Mhudumu wa Kisongo, Usa River au mjini Arusha anaweza kumpokea mtu siku moja au mbili baada ya kushuka. Aulize: Ulilala wapi kila usiku? Dalili zilianza ukiwa juu au baada ya kushuka? Ulipoteremka zilipungua? Maradhi ya mwinuko huanza juu na hupungua chini. Maumivu ya kichwa yaliyoanza baada ya mtu kufika nyumbani yana sababu nyingine.

Homa ipimwe na kipimo cha haraka cha malaria kifanyike. Ila majibu yasifunge mjadala. Maji mapafuni yanaweza kuleta homa ndogo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa nimonia. Nayo nimonia ya kweli huweza kumpata mpandaji. Penye shaka na mgonjwa akiwa hoi, yatibiwe yote mawili. Kwenye kimo cha Kisongo, mtu mzima asiye na ugonjwa wa mapafu anayesoma chini ya asilimia 90 apewe oksijeni na apelekwe hospitali. Aliyechanganyikiwa au anayeyumba bado, ingawa ameshuka, apewe rufaa bila kuchelewa.

Katika nchi yetu pana jambo la kuongeza: selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu ashauriwe asipande mlima wa kimo hiki. Mwenye kurithi kinasaba kimoja tu huwa hana shida katika maisha ya kawaida, na wengi hawajui kama wanacho. Juu mlimani bandama lake laweza kukosa damu. Kijana mwenye maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, yaliyoanza mlimani, afikiriwe hivyo kabla ya kupewa dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.

Ushauri kabla ya safari

Wenye maradhi ya moyo au mapafu, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari kinachohitaji insulini, wajawazito, na yeyote aliyewahi kupata uvimbe wa ubongo au maji mapafuni mlimani, wamwone daktari kabla ya kulipia safari. Asiyeweza kupata siku ya nyongeza kabla ya kilele anaweza kutumia asetazolamidi kwa kinga, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari na baada ya kuulizwa kuhusu mzio wa dawa za salfa. Dawa hiyo husaidia figo kutoa baikaboneti mapema. Husababisha ganzi vidoleni na mkojo wa mara kwa mara. Pombe na dawa za usingizi ziepukwe, kwa kuwa hupunguza upumuaji usiku.

Maswali ya kujipima

1. Mteja amenunua safari ya siku nne: Miriakamba, Saddle, kilele na kurudi Miriakamba, kisha Momella. Je, siku ya nne imempunguzia hatari ya kuugua?

2. Mpagazi wa miaka 23, mkazi wa Kisongo, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam kwa miezi mitatu kabla ya safari hii. Siku ya pili amefika Saddle wa mwisho, ingawa kwa kawaida huwa wa kwanza. Hana maumivu ya kichwa. Jioni anakohoa, na pumzi yake ni ya haraka hata akiwa ameketi. Anasema ni mafua na kwamba kesho atakuwa sawa. Ufanye nini?

3. Mgeni amepewa deksamethasoni Saddle baada ya kuyumba. Saa mbili baadaye anatembea vizuri na anaomba kwenda kileleni. Umjibu nini?

Majibu

1. Hapana. Siku iliyoongezwa imewekwa baada ya kilele. Kimo cha kulala kimeongezeka kwa kasi ileile ya safari ya siku tatu.

2. Achukuliwe kuwa na maji mapafuni. Kutokuwepo kwa maumivu ya kichwa hakuondoi ugonjwa huo, na miezi aliyokaa pwani imefuta mazoea yake. Aketishwe wima, afunikwe, apewe oksijeni ikiwapo, na ashushwe Miriakamba usiku huohuo kwa kubebwa, akifuatana na askari. Aambiwe mbele ya wenzake kwamba siku zake zote zitalipwa, ili naye mwingine mwenye kikohozi apate ujasiri wa kusema.

3. Asiende. Dawa imepunguza uvimbe kwa muda. Haijamzoesha mwili wake hewa ya Saddle. Ashuke wakati bado anaweza kutembea kwa miguu yake mwenyewe.